Mtoto hakuwa mgonjwa, ndiyo maana tukaacha kliniki

MwalimuManyatta (Kisumu) – mwanzisha uzi

Wazazi wenzangu, hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo kwa muda mrefu, na sasa nimeona heri nilieleze lote, kwa sababu kila ninapozunguka nyumba kwa nyumba hapa Manyatta kama mhudumu wa afya ya jamii, ninakutana na kosa lile lile nililolifanya mwenyewe nikiwa Nakuru mwaka 2020.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Rhonda. Nilikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, na shule zilipofungwa mwezi wa Machi mshahara wangu ulikatika mara moja. Mume wangu alikuwa kondakta, na matatu zilipoamriwa kubeba abiria wachache, alianza kurudi nyumbani na pesa ambazo hazikutosha hata nauli yake ya kesho. Kifungua mimba wetu alikuwa na miezi 8. Katika kitabu chake cha kliniki, ambacho ningali nacho, uzito wa mwisho ulioandikwa mwezi huo ni kilo 8.3. Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa hadi Novemba.

Hatukuketi siku moja tukaamua kuacha kliniki. Kilichotokea ni kwamba kila mwisho wa mwezi tulihesabu mahitaji yetu na kutafuta la kuahirisha. Mwenye nyumba alibisha mlango. Mwenye duka alikuwa na daftari lenye jina letu. Makaa hayakukopeshwa. Kliniki peke yake haikuwa na mtu wa kuja kuidai, na mtoto alikuwa akitambaa, akicheka na kushika kila kitu, kwa hiyo tukasema atakwenda mwezi ujao. Sikatai kwamba hofu ya korona ilichangia, lakini hofu hiyo ilipopungua nilibaki nyumbani vilevile, kwa sababu mahali pa hofu palikuwa pameingia aibu: ningemweleza nini muuguzi atakapoona kwamba chanjo ya surua ya miezi 9 imepita bila mimi kuonekana?

Chakula nacho kilipungua kwa namna ambayo haikutushtua. Kwanza tuliacha maziwa ya kupima, kisha mayai, kisha ile ndizi moja ya jioni. Uji uliendelea, ila ulizidi kuwa mwepesi kila wiki ili unga ufike mwisho wa mwezi. Jioni alikula ugali uliochovywa katika mchuzi wa sukuma wiki, na asubuhi tulimpa chai ya rangi tuliyokunywa sisi. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba mtoto huyo hakulia njaa. Tumbo lake lilikuwa limejaa kila siku, na mimi nilichukua kule kujaa kuwa ndiko kushiba.

Novemba, katika wiki ya Malezi Bora, ile kampeni ya afya ya mama na mtoto, mama mmoja wa kujitolea alipita katika ploti yetu akiuliza watoto wa chini ya miaka 5. Nilikwenda naye hadi kituo cha afya. Mtoto alikuwa na miezi 16. Mizani ilionyesha kilo 8.2. Katika miezi 8 hakuwa ameongeza chochote, bali alikuwa amepoteza gramu 100. Utepe wa kupimia unene wa mkono ulisoma kijani, yaani salama, nami nikashusha pumzi, lakini muuguzi akamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akapata sentimita 74, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: mtoto huyu hajakonda, amesimama kukua.

Ni hapo nilipoelewa kwa nini hakuna mtu katika ploti nzima aliyeona. Mtoto aliyekonda huonekana mbavu, na aliyevimba miguu kwa utapiamlo huonekana pia, na majirani watasema. Mtoto aliyedumaa hubaki mdogo huku mwili wake ukilingana vizuri, na watu husema amemfuata mjomba wake. Nani atamshuku? Mzazi naye anamlinganisha mtoto na alivyokuwa jana, na jana alikuwa hivyo hivyo. Ni kitabu kile tu kinachokumbuka alivyokuwa miezi 3 iliyopita, na hakiwezi kukumbuka kisichoandikwa.

Angalieni pia jinsi ratiba yenyewe inavyotudanganya. Chanjo za mwanzo zimesongamana: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baadaye zinaachana, hadi ile ya surua na rubela ya miezi 9, na mama wengi wanaitamka hiyo kama cheti cha kuhitimu: "Wangu amemaliza kliniki." Hajamaliza, kwa kuwa dozi ya pili ya surua na rubela inakuja akiwa na miezi 18. Na kipindi hicho cha kati, tangu anapoanza kula chakula kingine akiwa na miezi 6 hadi anapotimiza miaka 2, ndicho kipindi ambacho kudumaa huingia na kukita mizizi. Tunatoka kliniki mlango mmoja, na shida inaingia kwa mlango mwingine.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulipata kwamba asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulipata asilimia 18. Nchi imepiga hatua, na ninafurahi kwa kila mtoto aliyeokoka. Hata hivyo, hiyo 18 ni karibu mtoto mmoja kati ya kila 5 au 6, na wangu alikuwa miongoni mwao.

Ninawaomba mseme ukweli wenu. Mlipoacha kwenda, ni nini hasa kiliwazuia?

BabaKaptembwo (Nakuru)

Dada, umetuita kwenye ukweli, nami nitausema. Katika nyumba yangu si mke wangu aliyeacha. Ni mimi niliyemzuia.

Ninafanya kazi ya mjengo, na tangu mwaka jana siku za kazi ni mbili au tatu kwa wiki. Mke wangu hufua nguo za watu. Siku ya kliniki anaondoka alfajiri ili awahi foleni na kurudi saa saba mchana, na wakati huo aliyetaka nguo zifuliwe ameshamwita mwingine. Huduma haitozwi hata shilingi, hilo ninalijua, lakini kwetu inagharimu mapato ya siku nzima pamoja na nauli ya boda, na mapato hayo ndiyo unga wa siku mbili. Mwaka 2025 alikwenda na mtoto mchanga akaambiwa chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, haipo. Alirudi tena akaambiwa arudi wiki nyingine. Chanjo ilipatikana baadaye, lakini mimi moyo wangu ulikuwa umeshakufa. Baada ya ile ya miezi 9 nilimwambia asiende tena mpaka mtoto augue.

Binti yetu sasa ana miezi 13 na ni mchangamfu. Nimesoma uliyoandika mara mbili. Ninauliza bila ubishi: kama hakuna chanjo anayodaiwa kwa sasa, kumpeleka ili apimwe uzito peke yake kunafaa kitu gani kinacholingana na unga wa siku mbili?

MwalimuManyatta

Ndugu, ninakushukuru kwa kusema wazi, na sitakulaumu, kwa maana hesabu yako ni ya kweli. Wataalamu wanapotuambia kwamba huduma ni ya bure, mara nyingi wanahesabu pesa zinazolipwa dirishani tu. Siku ya kibarua iliyopotea haimo katika hesabu yao, nawe umeilipa mara tatu kwa chanjo moja. Ninaona uchungu kila ninaposikia mzazi amerudishwa, kwa sababu safari moja iliyoambulia patupu katika mwezi mgumu huharibu safari sita za baadaye.

Ziko sababu mbili za kurudishwa, na ni vizuri kuzitofautisha. Ya kwanza ni uhaba wenyewe, kama ule wa BCG na polio uliotokea nchini mwaka 2025, na huo si kosa la mzazi wala la muuguzi aliye mezani. Ya pili hatuelezwi vya kutosha. Chupa moja ya BCG ina dozi 20, na ya surua na rubela ina dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, inayobaki lazima imwagwe zikipita saa 6 tangu ichanganywe. Ndiyo maana vituo vingi vidogo huchagua siku maalumu za chanjo hizo, ili watoto wajae kabla ya chupa kufunguliwa. Mama anayefika Alhamisi katika kituo kinachofungua chupa Jumanne atarudishwa hata kama friji imejaa. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, umuulize siku na kama chanjo ipo, kabla mkeo hajapoteza kibarua. Sisi ni takriban 100,000 nchi nzima tangu mpango wa mwaka 2023, na kazi yetu ni pamoja na kukuepushia safari kama ile.

Sasa nije kwenye swali lako. Binti wa miezi 13 anadaiwa zaidi ya uzito. Akitimiza miezi 12 hupewa vitamini A kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha miezi 6, na tangu hapo hupewa kila baada ya miezi 6 hadi afikishe miaka 5. Dawa ya minyoo nayo huanza akiwa na mwaka 1, kwa mpango huo huo. Minyoo hula pamoja naye kile kidogo unachokitafuta kwenye mjengo.

Lakini hata kama asingedaiwa chochote, uzito peke yake unafaa unga wa siku mbili, nami nitakueleza kwa nini. Fungua kitabu chake kwenye ukurasa wenye mistari inayopanda. Kila kipimo ni nukta, na nukta zikiunganishwa unapata njia yake ya kukua. Nukta moja haisemi mengi, kwa kuwa wako watoto wadogo wenye afya njema. Kinachosema ni mwelekeo. Mstari ukipanda sambamba na ile iliyochapishwa, mtoto anakula vya kutosha hata kama chakula chenu ni cha kawaida. Mstari ukilala kwa miezi 2 au 3, njaa imeshaingia, na bado kuna nafasi ya kuuinua mstari huo kwa yai na kijiko cha omena (dagaa). Mkisubiri hadi shida ionekane kwa jicho, mtoto huyo hatarudishwa kwa yai. Atahitaji chakula cha tiba, na pengine kulazwa, na hapo utapoteza vibarua vya wiki nzima.

Ombi langu la mwisho kwako: akipelekwa, mwombe muuguzi ampime na urefu. Ubao upo katika vituo vingi lakini hautumiki kila siku kwa sababu ya foleni, na utepe wa mkono peke yake haugundui kudumaa. Wangu ulisoma kijani.

BibiMalava (Kakamega)

Wanangu, ninaandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Ninalea mtoto wa binti yangu ambaye ametoka kwenda kutafuta kazi, na hatujapata habari zake tangu Pasaka. Mtoto ana mwaka 1 na nusu. Nilimpeleka kituo kimoja mwezi wa pili, nikaulizwa kitabu. Kitabu alikwenda nacho mama yake katika mfuko wa nguo, naye hakujua. Nilifokewa mbele ya wanawake wenye umri wa wajukuu wangu, nikaambiwa mimi ni mzembe. Nilimbeba mtoto mgongoni nikarudi nyumbani kwa miguu. Sijakwenda tena. Si kwamba sitaki apate chanjo. Sitaki kutukanwa tena.

SistaBungoma

Kukhu, mimi ni muuguzi, na kabla sijasema lolote ninakuomba radhi kwa niaba ya kazi yetu. Tunazo sababu za uchovu, zikiwemo foleni na upungufu wa watu, lakini hakuna hata moja inayotupa ruhusa ya kumwaibisha mtu aliyembeba mtoto mgongoni hadi mlangoni petu. Mama akifokewa mara moja, hafokewi mara ya pili, kwa sababu harudi, na anayekosa huduma ni mtoto ambaye hakukosea lolote. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makao na huduma za afya. Hakisemi haki hiyo ni ya mwenye kitabu.

Kitabu kupotea ni jambo linalotengenezeka. Kila kituo kina rejista ya chanjo, na mtoto huandikwa kwa jina lake na la mama yake pamoja na tarehe. Ukikumbuka alipozaliwa na alikopelekwa mara ya kwanza, kituo hicho kitafungua rejista na kumnakilia chanjo zake katika kitabu kipya. Hata pasipopatikana kitu, hatuanzi gizani kabisa: BCG hapa Kenya hudungwa kwenye mkono wa kushoto, sehemu ya chini ya kiwiko, na kwa kawaida huacha kovu dogo ambalo tunalitafuta. Zile ambazo hatuna ushahidi nazo tunazipanga upya kulingana na umri wake. Anapokaribia miezi 18, ana zamu ya surua na rubela kwa vyovyote vile. Mwambie mhudumu wa kijiji chako mwende pamoja. Ninakuomba uende.

Niongeze jambo moja ambalo limewarudisha watu nyumbani tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024. Wengi wanaamini kwamba asiyelipa mchango hawezi kuhudumiwa popote. Kwa huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3, kinachotakiwa ni kujiandikisha tu, na mtu hujiandikisha bila malipo hata kwa simu ya kawaida kupitia *147#. Mchango, ambao kima chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ni wa huduma za juu zaidi. Na chanjo za watoto katika vituo vya serikali hazitozwi.

ShambaButere (Kakamega)

Ninawafuatilia kwa makini. Kuhusu chakula, nadhani tunafanya jambo kuwa gumu bila sababu. Hapa kwetu tunasaga pamoja mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu karanga na omena, tunapata unga mmoja wenye kila kitu, na mtoto anapewa uji huo asubuhi, mchana na jioni. Ni rahisi, na ni nafuu kuliko kununua vitu vingi. Kwa nini tusiwashauri wazazi wote wafanye hivyo?

MwalimuManyatta

Ndugu, nia yako ni njema na viungo vyako vyote ni chakula kizuri, lakini nitapingana nawe kidogo, kwa kuwa ushauri huu wa kusaga kila kitu pamoja umeenea sana na watoto wengi wanaishi kwa uji huo mmoja. Omena na njugu zina mafuta, na zikisagwa zikakaa na nafaka kwa wiki kadhaa, unga huchacha na kupata harufu. Mtoto hula kidogo zaidi, na mama hajui sababu. Tena, nafaka nyingi pamoja na soya isiyoandaliwa vizuri huwa nzito kwa tumbo la mtoto wa miezi 7. Kwa unga wa uji, nafaka moja inatosha, au mbili, kwa mfano wimbi na mahindi. Vile vingine viongezwe kwenye kikombe au sahani siku ile ile.

Omena hasa ni zawadi tuliyopewa na ziwa, na inaniuma kuona sehemu kubwa yake ikiishia katika chakula cha kuku. Chagua ile safi, isiyoanikwa kwenye mchanga. Itoe vichwa ili isiwe chungu, ioshe kwa maji ya moto, ikaange bila mafuta hadi ikauke kabisa, uitwange na kuichekecha. Kijiko kimoja cha unga huo katika viazi vilivyopondwa au mboga kinampa mtoto protini, madini ya chuma, na kalisi ya mifupa yake kwa kuwa samaki huliwa mzima. Mama wa hapa Kisumu wanajua kwamba uvuvi wa omena hufungwa kati ya Aprili na Julai na bei hupanda, kwa hiyo nunueni ya kutosha Machi, mkaihifadhi bila kuitwanga ili isiharibike upesi.

Jambo la pili ni uzito wa uji, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Tumbo la mtoto wa miezi 6 hadi 8 ni dogo, halipiti kikombe kimoja. Ukilijaza maji yenye rangi ya unga, amejaa lakini hajala. Uji wa mtoto ukae kwenye kijiko kikiinamishwa, usimiminike. Tone la mafuta ya kupikia au njugu iliyosagwa huongeza nguvu bila kuongeza ujazo, na mafuta hayo humsaidia kupata vitamini A iliyo katika mboga za majani na katika viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ambavyo Busia na Bungoma vinalimwa kwa wingi. Kwa umri huo apewe mlo mara 2 au 3 kwa siku pamoja na maziwa ya mama. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati kama ndizi au kipande cha parachichi.

Chai ya rangi pamoja na chakula, ninawasihi tuiache kwa watoto. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mtoto wa ugali na sukuma huyapata kwa shida. Unga wa pakiti umewekewa madini na vitamini kwa sheria tangu mwaka 2012. Wa kisiagi, yaani wa kusagisha mtaani, hauna nyongeza hiyo, na wengi wetu sasa tumehamia kisiagi kwa sababu ya bei. Hakuna ubaya, mradi chuma kitoke kwingine: maharagwe, omena, mnavu, kunde. Machungwa au nyanya mbichi kando ya maharagwe husaidia mwili kukipokea.

Na hili nitalisema kwa upole kwa sababu mama yangu mzazi alilifanya akiwa na sababu nzuri. Katika boma nyingi za magharibi kuku wapo. Mayai hukusanywa, huuzwa sokoni, na pesa zake hununua mkate, sukari na majani chai. Tunauza chakula bora kuliko vyote ndani ya nyumba ili tununue kilicho hafifu. Sisemi msiuze, kwa maana sabuni na daftari pia zinatakikana. Ninasema mayai matatu kwa wiki yatengwe kwa aliye chini ya miaka 2 kabla ya mengine kuhesabiwa.

MamaNaivasha

Mimi ninafanya kazi katika shamba la maua. Likizo yangu ya uzazi ya miezi 3 imekwisha, na kwa sababu chakula chetu kimepungua ninaona kama maziwa yangu yamekauka. Jirani ameniambia nianze maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Mtoto ana miezi 3 na wiki 2.

SistaBungoma

Dada, usianze. Figo na matumbo ya mtoto wa umri huo hayako tayari kwa maziwa ya ng'ombe, na maji ya kuchanganyia ndiyo yanayowaletea wengi kuhara. Hata mama anayekula kidogo hutoa maziwa. Yanayopunguza maziwa zaidi ni mtoto kutonyonya mara kwa mara. Mnyonyeshe usiku, alfajiri kabla ya kutoka na mara tu unaporudi, kisha kamua asubuhi katika kikombe safi chenye kifuniko, apewe kwa kikombe na si kwa chupa. Chakula kidogo kilichopo nyumbani kikuelekee wewe kwanza, kwa kuwa kukulisha wewe ni kumlisha yeye. Na apimwe uzito wiki hii: akiwa anaongezeka, maziwa yapo, hata kama wewe unahisi hayapo. Miezi 3 na wiki 2 ni karibu wiki ya 15, na zamu ya chanjo za wiki ya 14 imeshafika, kwa hiyo safari moja itamaliza mambo mawili.

MwalimuManyatta

Hapo Sista amegusa jambo ambalo ningependa wazazi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega walitumie. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa katika kaunti zetu hizi 8 mwaka 2019, ratiba iliwekwa miezi 6, 7, 9 na 24. Mimi huwaambia mama wa Manyatta kwamba sindano hizo zimetuletea tarehe mahali ambapo zamani palikuwa patupu. Mwezi wa 6 ndio mwezi wa chakula cha kwanza na wa vitamini A ya kwanza. Ukienda kwa ajili ya malaria, usitoke bila mizani. Ile dozi ya nne husahaulika zaidi ya zote, kwa sababu mtoto ameshakuwa anakimbia na kitabu kimewekwa chini ya godoro.

BibiMalava

Tulikwenda na mhudumu wa kijiji siku ya Jumatatu. Rejista ilipatikana kule alikozaliwa, na chanjo zake zote za mwanzo zimo. Nimepewa kitabu kipya. Muuguzi aliyekuwepo ni mwingine, akaniita mama. Mtoto amedungwa surua. Sista, asante.

BabaKaptembwo

Nimerudi kuleta habari. Jumanne hapakuwa na kazi mjengoni, kwa hiyo mke wangu alikwenda kufua nami nikampeleka mtoto mwenyewe, baada ya kumuuliza mhudumu wa mtaa siku inayofaa. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi. Muuguzi aliniuliza mama yuko wapi, nikamwambia yuko kazini, akaendelea na kazi yake.

Alipokuwa na miezi 9 alikuwa na kilo 7.9. Sasa, miezi 13, ana kilo 8.0. Niliomba urefu kama ulivyoniambia. Wakaleta ubao, wakapata sentimita 71. Utepe ulikuwa kijani. Muuguzi akasema hajaingia katika utapiamlo, lakini akaweka kalamu kwenye kitabu na kunionyesha jinsi mstari ulivyolala kwa miezi 4. Mimi huwa ninasoma ramani za fundi mkuu, na mstari huo niliuelewa bila kuelezwa mara ya pili. Amepewa vitamini A na nusu tembe ya dawa ya minyoo. Tumekubaliana nyumbani kwamba chai ya rangi imekwisha kwake, na mke wangu amenunua omena ya shilingi 50 pale soko la Wakulima akaikaanga jana usiku.

Tunatakiwa kurudi baada ya mwezi mmoja. Nimeiandika tarehe kwa chaki ukutani, chini ya tarehe ya kodi.